UZI: Miguu ya nyuma ya tela la kubebea mitambo, namna ninavyoichomelea na mambo ya kuangalia

Fundi wa Mtambile

Asalaam aleikum wanajukwaa. Nimeulizwa mno inboksi kuhusu ile miguu ya nyuma niliyoiweka kwenye tela, basi nimeona bora nifungue uzi, kila mtu asome hapa na mwenye lake atie.

Mwenye tela dogo la ekseli moja la kubebea kijiko (mtambo wa kuchimbia) au rola anaujua mchezo wake. Mtambo ukifika ukingoni mwa tela, kabla haujavuka ekseli, mkia unazama na shingo inapanda juu kama pembea. Shingo imefungwa kwenye gari, kwa hiyo na gari nayo inainuliwa nyuma. Sasa hapa ndipo watu wengi hawapafikirii: hendibreki ya pikapu zetu nyingi inashika tairi za nyuma. Tairi hizo zikielea, au hata zikiwa zinagusa ardhi kwa mbali tu, hendibreki haikusaidii kitu. Gari, tela na mtambo vyote vinabaki huru, na kijana kakaa juu ya kiti cha kijiko hana habari.

Hesabu yake si ngumu. Chukua kijiko cha tani moja na nusu, kg 1,500. Kutoka ekseli ya tela hadi ukingo wa nyuma tuseme mita 1.6, na kutoka ekseli hadi ndoano ya gari mita 2.4. Uzito wote ukiwa juu ya ukingo, mbele panasukumwa juu kwa 1,500 mara 1.6 gawa kwa 2.4, jawabu ni kg 1,000. Toa uzito wa shingo yenyewe, labda kg 60. Ekseli ya nyuma ya pikapu tupu inabeba kg 700 au 800 hivi, na ndoano iko nyuma yake kwa zaidi ya mita nzima, kwa hiyo hata hizo 700 hazihitajiki zote kuinyanyua. Mtu akikwambia "gari yangu nzito, hainyanyuki", mpe karatasi na kalamu.

Dawa ni kuuzuia mkia usizame. Mafundi wengi wanasukumia kitu chini: gogo la mnazi, jiwe, tofali la saruji. Gogo la mnazi ni duara, linaviringika. Tofali lenye tundu linavunjika. Jiwe la matumbawe ndilo baya kuliko yote kwa sababu kwa macho linaonekana imara, halafu likibanwa sehemu ndogo linapasuka bila kutoa ishara. Nimeona jiwe limefumuka mapande matatu chini ya tela la watu huku Mtambile, Pemba, na lile lilikuwa jiwe kubwa.

Ninavyotengeneza mie: paipu ya pembe nne ya 60 kwa 60, unene mm 4, hii ndiyo ala. Ndani yake inateleza paipu ya 50 kwa 50 ya unene huo huo, huo ndio mguu. 60 ukitoa kuta mbili unabaki na 52, kwa hiyo kuna nafasi ya mm 2. Lakini ndani ya paipu kuna mshono wa kiwandani uliotuna, na huo unakula nafasi yote. Usiponunua tupa ndefu ukautengeneza, mguu utagoma nusu ya safari na utaanza kuugonga kwa nyundo, na mguu unaogongwa kwa nyundo ndio ule ambao siku moja mtu anaamua kutoushusha.

Tela langu sakafu yake iko sm 65 kutoka chini. Ala nimeikata sm 35, imeanzia usawa wa sakafu. Mguu sm 40. Ukishushwa unabaki ndani ya ala sm 15, na usikubali chini ya hapo, la sivyo mguu unapindia pale unapotokea. Matundu ya pini nimeyapiga kila baada ya sm 5. Chini kabisa bamba la sm 15 kwa 15, unene mm 10.

Pini mm 16. Wengi wanahangaika na pini wakati pini haina shida. Pini ya mm 16 ya chuma laini haikatiki mpaka ikatwe sehemu mbili kwa pamoja, kwa hiyo inahimili zaidi ya tani 5. Kinachokufa ni tundu. Pini ya mm 16 ikikaa kwenye ukuta wa mm 4, kuta mbili, eneo linalobeba ni mm za mraba 128 tu. Chuma laini kinaanza kubonyea kwenye kg 24 hivi kwa kila mm ya mraba, yaani kama tani 3, na hapo paipu iwe kweli ni mm 4. Nenda dukani na kalipa yako. Kwa hiyo pembezoni mwa matundu ya ala ninachomelea bamba la mm 6 kila upande, kisha ndiyo ninatoboa yote kwa pamoja. Na kila mguu ninauhesabia kana kwamba utabeba mzigo wote peke yake, maana kijiko kikipanda upande kidogo, mguu mmoja ndio unaoumia.

Ala inachomelewa kwenye reli kuu za chasisi, pembeni kabisa. Usiichomelee kwenye ule mtambaa wa nyuma wa bati lililokunjwa. Tia pembetatu za bamba mbili kila ala, moja kwenda mbele, moja kwenda ndani. Wakati wa kuchomelea, fungua tela kwenye gari, na kibanio cha ethi (waya wa kurudishia umeme wa mashine) kiweke karibu na pale unapochoma. Ukikibana kwenye gurudumu, umeme unaweza kupita kwenye beringi za magurudumu, na beringi iliyopitiwa na umeme wa kuchomelea haichukui muda inaanza kulia.

Kubwa kuliko yote ni hili: mguu hauachwi ukikanyaga ardhi kwa nguvu kabla ya kupakia. Acha upenyo wa sm 2 mpaka 3. Mkia ukishuka sm 3, shingo yangu inapanda sm 4.5, na hizo springi za gari zinazimeza bila tairi kunyanyuka. Faida ya upenyo utaiona wakati wa kutoa mguu.

Na kabari za magurudumu ni lazima, za gari na za tela, mbele na nyuma. Mguu umetengenezwa kubeba uzito ulionyooka kwenda chini. Tela likisogea mbele sm 10 tu huku miguu iko chini, hakuna pembetatu itakayoiokoa.

Karibuni.

Kijiko Paje

Fundi shukran sana. Mie ndiye nnayekaa juu ya hicho kiti, kwa hiyo uzi huu nimeusoma kwa makini kuliko bosi wangu.

Huku kwetu shamba la kusini, Paje, Jambiani, Bwejuu, kazi nyingi ni kuchimba makaro na mabwawa ya kuogelea ya hoteli. Ardhi ni mbili tu: mchanga au mawe. Juu ya mawe miguu haina neno. Kwenye mchanga bamba la sm 15 linazama mzima mzima. Tuliwekewa tela lenye miguu, tukapakia karibu na ufuo, mguu wa kulia ukaenda chini, wa kushoto ukakutana na mwamba. Kijiko kikalala upande. Kilikuwa hakijapanda chote, nikarudi chini taratibu, al hamdulillah.

Kitu chengine ambacho hukukitaja ni ngazi za kupandishia kijiko. Sakafu ya sm 65 na ngazi za mita 2, mwinamo wake unakuwa karibu digrii 19, na cheni za mpira zikiwa na tope zinateleza. Za mita 2.5 zinashuka mpaka digrii 15, tofauti yake unaisikia kwenye kiti. Na zifungwe! Ngazi iliyoegemezwa tu, cheni zikigusa chini yake huku kwa nyuma bado zinasukuma ardhi, inasukumwa mbele. Ukishapanda inaweza kuruka nyuma. Yangu ina kulabu na mnyororo.

Suali: mguu ukishabanwa na uzito, unatolewaje? Sisi huwa tunaupiga nyundo mpaka majirani wanatoka.

Fundi wa Mtambile

@Kijiko Paje, la mchanga umenena. Kg 750 juu ya bamba la sm 15 kwa 15 ni zaidi ya kg 3 kwa kila sm ya mraba. Weka chini yake ubao mnene wa inchi mbili, sm 40 kwa 40, unashuka mpaka nusu kilo. Ubao huo unasafiri na tela, una kamba yake na pahala pake. Usitegemee kuokota ubao kwenye kazi ya mtu.

La mguu kubanwa. Mtambo ukishakaa mahali pake springi za tela zinashuka, na hapo ndipo ule upenyo wa sm 3 unapoliwa na mguu unabaki umekanyaga. Njia yangu ni hii. Endesha kijiko mbele zaidi ya pale kinapotakiwa kukaa, nusu mita hivi. Shingo inazama, gari inakaa chini nyuma, mkia unanyanyuka kidogo, na mguu unaachia wenyewe. Kijana aliye chini anachomoa pini, anapandisha, anarudisha pini. Halafu kijiko kinarudi nyuma mpaka pahala pake. Kinarudi nyuma kidogo tu, hakifiki nyuma ya ekseli.

Ikiwa tela fupi na huna nusu mita ya kuchezea, weka kabari mbili za mbao zilizopishana chini ya bamba, badala ya kushusha mguu mpaka mwisho. Wakati wa kutoa unagonga kabari moja, inatoka kwa ubavu. Ukiwa umeligonga bamba lenyewe, shida ni yako na majirani. Na mie simo kwenye tela bila jeki ya chupa. Ikishindikana vyote, jeki chini ya reli, nyanyua sm moja, chomoa.

Dereva Mzee

Vijana mnajitafutia kazi. Sisi tumebeba mitambo toka zama za malori ya Bedford na hakuna aliyekuwa na miguu. Unatafuta tuta. Unarudisha tela kinyumenyume mpaka mkia unagusa tuta, kijiko kinatembea kuingia kama mtu anaingia barazani. Hakuna ngazi, hakuna pembea, hakuna paipu 60 kwa 60. Pemba imejaa vilima, kila pahala kuna kingo ya barabara. Hivyo vyuma mnavyoning'iniza nyuma vitakwama kwenye kila shimo.

Fundi wa Mtambile

Mzee wangu shikamoo. Tuta likiwepo, na mie nalitumia, tena miguu siishushi kabisa ikiwa mkia umelala juu ya tuta lenyewe. Lakini mteja anakwambia mtambo uko nyuma ya skuli, uwanja umesawazishwa, na tuta la karibu liko kwa jirani aliyepanda mihogo. Hapo tufanyeje? Na tuta la udongo mwekundu mwezi wa nne, mvua ya masika imelala juu yake siku tatu, linakatika na kijiko juu yake.

La kukwama ni kweli nitalieleza, kuna mtu kashaniuliza pembeni.

Dereva Mzee

Marahaba. La masika nakubali. La mihogo zungumza na jirani.

Mkulima wa Bonde

Samahanini, mie sina kijiko. Sisi ni kikundi cha akina mama wa mpunga, bonde la Cheju. Tuna pawatila (trekta dogo la kuongozwa kwa mkono) na jembe lake na tela dogo tumechongewa na fundi wa mjini, urefu kama huo wa Fundi. Vyote pamoja, mtambo na jembe, havifiki kg 450. Tunavuta kwa pikapu ya kukodi. Fundi mwengine katwambia bila ya miguu tutakufa, katupigia bei ambayo tunanunua mbegu za msimu mzima. Tuweke?

Fundi wa Mtambile

Dada, msiweke. Fanyeni hesabu ile ile: 450 mara 1.6 gawa 2.4 ni 300. Toa uzito wa shingo, zinabaki kama 240. Pikapu hainyanyuki kwa hizo. Shingo itacheza kidogo, basi.

Pesa hiyo tieni kwenye ngazi pana zenye kulabu na mikanda miwili mizuri ya kufungia. Pawatila ina magurudumu mawili, hatari yake ni kupinduka inapopandishwa, si mkia wa tela kuzama. Mtu asiwe mbele yake wala ubavuni kwenye ngazi, na apandishe kwa gia ya chini kabisa. Ila kitu kimoja: mkija kukodi gari ndogo ya abiria badala ya pikapu, hesabu inabadilika, rudini hapa.

Nondo Kumi na Mbili

Fundi hiyo pini ya mm 16 ya nini gharama? Mie nakata nondo, naikunja kichwa, kazi imekwisha. Nondo ngumu kuliko hicho chuma laini chako.

Fundi wa Mtambile

Kwa ugumu uko sawa, nondo nyingi zinaishinda. Ubaya wake ni mbavu. Nondo haikai kwenye tundu, inakaa juu ya mbavu zake mbili tatu, na mbavu hizo zinafanya kazi ya tupa: kila ukipita kwenye matuta ya barabarani zinasugua tundu. Nimeshakueleza kinachokufa ni tundu. Baada ya muda tundu linakuwa yai, mguu unacheza, pini inapinda, na siku hiyo mguu umebanwa hautoki hata kwa jeki.

Chukua shafti iliyonyooka, hata ya pikipiki iliyokufa, isage mpaka iingie tundu la mm 17 bila kulazimishwa. Tia kichwa upande mmoja na kipini cha springi upande wa pili. Pini isiyo na kipini inatembea yenyewe, na utaikuta Wambaa wakati tela liko Kengeja.

Baharia wa Mkoani

Asanteni kwa uzi. Mie niko kwenye kupakia magari bandarini, nayaona matela yote yanayovuka kwenda Unguja na kurudi. Naunga mkono kilio cha Dereva Mzee kwa sababu yangu.

Mlango wa meli na njia ya kuteremkia havikai usawa mmoja. Siku za bamvua maji yetu yanapanda na kushuka kama mita 4, na mwinamo unabadilika ndani ya saa chache. Pale njia inapokunja, kitu kinachoning'inia nyuma ya ekseli ndicho kinachokwangua. Fundi, ala yako inaishia sm 30 kutoka ardhini, na iko mita 1.6 nyuma ya tairi. Hiyo inaruhusu kupanda sm 19 kwa kila mita moja, digrii 10 na ushee, na hapo tela halijabeba kitu. Likiwa na mzigo springi zimeshuka, bado nini? Nimeona tela limekaa juu ya ala zake mbili kwenye mkunjo wa njia, tairi zinagusa kwa juu juu, foleni nzima nyuma inapiga honi, na nahodha anatizama saa.

Na chumvi. Paipu iliyofungwa pande zote inaoza kwa ndani huku nje rangi inang'aa.

Fundi wa Mtambile

Hili la baharia ndilo nililolisubiri. Kwa tela ambalo halitoki Pemba, ala ya sm 35 nimeridhika nayo. Kwa linalovuka bahari mara kwa mara nabadilisha: ala ninaikata sm 25, mwisho wake unakuwa sm 40 kutoka ardhini, na mguu ninaurefusha mpaka sm 50 ili zile sm 15 za ndani zibaki. Wakati wa safari ya meli mkia unanyanyuliwa kwa jeki, mguu unachomolewa wote kwa chini na unafungwa juu ya sakafu. Ni kazi ya kuinama mara mbili. Ukiupandisha bila kuuchomoa utachomoza juu ya sakafu sm 25 hivi, na kama ala ziko nje ya reli haukusumbui, kijiko kinapita katikati.

Kwa kutu: ala yangu iko wazi juu na chini, maji yanapita. Mguu ninaufunga juu kwa kibati ili usijae mchanga, chini pembeni ya bamba nipige tundu la mm 8 maji yatoke. Rangi ya zinki kwanza, mbili, kisha rangi ya juu. Sehemu zinazosuguana hakuna rangi itakayokaa, hizo ni grisi. Grisi inashika mchanga, najua, kwa hiyo futa upake tena. Hakuna njia ya mkato hapo.

Yakhe wa Wete

Haya yakhe, uzi mtamu. Mie nataka kuuliza miguu ya bawaba, ile inayokunjwa na kulala chini ya sakafu. Naona haina mambo ya ala wala kuchomoza. Matela ya wenzetu wa nje mengi yanayo.

Halafu dongo dogo kwa mafundi wetu. Kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga kufika Pemba 2010, ukichomelea kwa umeme wa jenereta za dizeli za hapa ilikuwa kila saa umeme unashuka na mshono unakaa juu ya chuma kama ute wa yai. Siku hizi umeme upo, na mshono wa ute bado upo. Kwa hiyo haukuwa umeme.

Fundi wa Mtambile

Hahaha yakhe, dongo limefika, wengine tulikuwa tunasafishia jina hapo.

Bawaba. Inafaa kwa sharti: lazima iwe na pini ya pili ya kuifunga ikiwa imesimama. Pale anaposema Kijiko Paje kwamba cheni bado ziko chini na mtambo unaisukuma ngazi, tela linataka kwenda mbele. Mguu wa bawaba unaokunjikia nyuma utalala hapo hapo. Ukiufanya ukunjike mbele, basi siku umesahau kuupandisha ukaondoka, utachimba ardhi na kujisimamisha kama nguzo mpaka king'oke kitu. Mie bora ukunjike nyuma na ufungwe pini. Akisahau, pini itapinda lakini reli ya chasisi itasalimika. Isitoshe mguu wa bawaba una urefu mmoja tu, na viwanja vyetu havina usawa mmoja. Utaishia kutia mbao chini, tukarudi tulipotoka.

Mie bado ni mtu wa ala.

Kijiko Paje

Kusahau ndiyo hofu yangu. Jioni mtu kachoka, mvua inakuja, dereva anataka kuwahi.

Fundi wa Mtambile

Pini za miguu yangu, ikiwa iko chini, zina kishaufu cha waya, na kwenye kishaufu hicho unaning'inia ufunguo wa gari. Gari haijazimwa, mguu haushushwi. Mguu haujapanda, ufunguo haupo. Dereva akinuna anune. Pia sm 20 za chini za mguu nimezipaka nyekundu na nyeupe, ukizitazama kwenye kioo unaziona hata magharibi.

Jengine kabla sijasahau: miguu si ruhusa ya kupakia tela likiwa halijafungwa kwenye gari. Kuna kijana kaniambia "si lina miguu nyuma na kigurudumu mbele?" Kile kigurudumu cha mbele kimetengenezwa kushikilia shingo tupu. Mtambo ukivuka ekseli, sehemu ya uzito wake inakuja kwake.

Wala miguu haikwambii kama mzigo umekaa sawa kwa safari. Ukishaipandisha, shingo inatakiwa iwe inakandamiza ndoano kwa asilimia 10 hivi ya uzito wote, na isizidi kile kilichoandikwa kwenye ndoano yako. Tela la kg 600 na kijiko cha 1,500, hiyo ni kama kg 210. Ikiwa pungufu sana, tela linaanza kutikisa mkia ukishuka kilima cha Mkoani na gari linafuata.

Mkulima wa Bonde

Hizo kg 210 unazipimaje? Shamba hakuna daraja la mizani.

Fundi wa Mtambile

Mizani ya jukwaa, dada, ya kupimia magunia. Huku kwetu kila penye karafuu ipo, nyinyi mtaipata kwa wenye mpunga. Fungua shingo, iegemeze juu ya kipande cha mbao kilichosimama juu ya mizani, urefu wa mbao ulingane na kimo cha ndoano. Kabari kwenye magurudumu, miguu ya nyuma ishushwe mpaka karibu na ardhi lakini isiguse, ili likitaka kupinduka lidakwe. Soma. Ukishajua alama ya pahala mtambo unapokaa, piga mstari wa rangi sakafuni, hutopima tena mpaka ubadilishe mtambo.

Nondo Kumi na Mbili

Nimekubali ya pini. Sasa tela langu ni la kununua, limepakwa zinki kiwandani. Naweza kuchomelea ala juu yake?

Fundi wa Mtambile

Kwanza jaribu kutochomelea. Bamba mm 10 nje ya reli, bamba jengine ndani, bolti nne za mm 12 za daraja 8.8 (alama ya nguvu, iko kichwani mwa bolti), ala imechomelewa kwenye bamba kabla ya kufungwa. Zinki inabaki, na pale tu ulipotoboa ndipo pa kupaka. Reli ikiwa ni paipu, ndani ya tundu tia bomba dogo la kuizuia isibonyee wakati unakaza.

Ikiwa lazima uchomelee, saga zinki yote kwa grenda inchi mbili pande zote za mshono mpaka uone chuma, fanyia nje penye upepo, na usimame upande upepo unakotokea. Moshi mweupe wa zinki unaleta homa usiku ule ule, mwili mzima unauma na kutetemeka kama mwenye malaria. Maziwa wanayokunywa vijana hayauzuii. Nati baada ya safari ya kwanza zikaze tena zote, na uangalie kona za mshono kama rangi imechanika.

Picha nitatia kesho, nikishaliosha tela.